Matundu Kumi na Manne

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni ikikaribia, pikipiki ya zamani yenye ekzosi mbili ilikata kona kwenye duka la kinyozi, ikapanda kichochoro chenye nyumba tisa, ikasimama mbele ya geti la bati la rangi ya kijivu. Mwenye nayo hakuzima injini. Alikaa juu ya kiti, miguu yote miwili chini, kofia ngumu kichwani, akilitazama geti. Vioo vya madirisha ya jirani vilitetemeka. Kuku walihama. Dakika moja ikiisha, alinyoosha mkono akavuta kamba nyembamba iliyotokeza kwenye tundu la geti, komeo likafyatuka kwa ndani, akaisukuma pikipiki mpaka uani. Hapo ndipo alipozima.

Dakika hiyo haikuwa na kazi yoyote. Kamba aliifunga mwenyewe, wiki ya pili baada ya kumzika mkewe, na tangu siku hiyo angeweza kulifungua geti mara tu anapofika. Miaka miwili ilikuwa imepita na bado alikuwa akingoja kufunguliwa.

Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mwenye umri wa miaka hamsini na saba. Mitaa aliyopangiwa haikumjua kwa jina la wazazi wake. Ilimjua kama Mita. Pikipiki yake iliposikika mtaa wa pili, sauti zilipaa kutoka uani: "Mita anakuja, ficheni mpira!" Waliokuwa wakimwagilia bustani kwa maji yasiyopita kwenye mita walikuwa na muda wa kutosha wa kufungua kiungo, kukunja mpira, kuufunika kwa gunia na kusimama mlangoni wakiwa na nyuso za watu waliotoka ibadani. Alisoma namba, akaandika, akawaaga. Hakuwa na kinyongo nao.

"Wenzako wanakamata wezi wa maji," mkubwa wake wa kazi alimwambia siku moja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kila neno likiwa na mwiba wake. "Wewe unawapigia king'ora."

"Mimi nasoma mita, bosi. Wezi wana watu wao."

Na kweli, kusoma alikuwa akisoma. Hakuwahi kukisia namba kutoka barabarani, hata mita ikiwa chini ya mbwa. Katika miaka thelathini na mmoja alikosea mara moja tu, na kosa hilo alilisimulia kwa kila msomaji mpya aliyeajiriwa. Mita mbili zilikuwa zimesimama ukutani bega kwa bega. Kwa miezi minane alizisoma zote mbili bila kukosea hata tarakimu moja. Kumbe fundi alikuwa amezipishanisha mabomba, na mzee mmoja aliyeishi peke yake akawa anahesabiwa maji ya dobi wa jirani. "Namba inaweza kuwa sahihi," aliwaambia, "na nyumba ikawa siyo." Wasomaji wapya walicheka. Yeye hakuwa akisema ili wacheke.

Mkewe alikuwa karani wa shule hadi siku alipoacha simu ya ofisini iite mara kumi huku ameketi nayo meza moja. Usikivu ulikuwa umeanza kumtoka taratibu. Daktari alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na nzito hubaki nyuma kwa muda. Mama huyo akaacha kazi, akakaa nyumbani, na kwa kuwa waliwahi kuibiwa mchana kweupe, alilifunga geti kwa komeo la ndani. Jiko lilikuwa nyuma kabisa ya ua. Mume akirudi, alipiga honi mpaka majirani wakatoka, mkewe hakutoka.

Siku moja alirudi na ekzosi iliyopasuka njiani, inanguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Kabla hajagusa honi, geti likafunguka. Mkewe alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, anacheka.

"Leo nimekusikia," alisema.

Ekzosi iliyopasuka aliichomelea, kwa sababu moshi ulikuwa unamwunguza mguu. Lakini wazo lilikwishaingia. Ekzosi za pikipiki ile, kama zilivyotoka kiwandani, kila moja ina bomba dogo ndani yake, lenye vitundu vidogo vinavyoivunja sauti vipande vipande kabla haijatoka nje. Linashikwa na bolti moja tu kwa nyuma. Jumapili iliyofuata aliifungua bolti, akalichomoa bomba, akalifuta masizi, akalitoboa tundu moja la ziada, kubwa kidogo kuliko yale ya kiwandani. Mkewe alishika ncha ya pili kwa kitambaa ili lisizunguke.

Hakuyatoboa yote siku moja. Alikuwa mtu wa vipimo. Alitoboa moja, akapanda pikipiki miezi kadhaa, akapima, akatoboa lingine, kama mpishi anayeongeza chumvi kwa ncha ya kijiko. Vipimo aliviandika kwenye daftari la zamani la kazini, lenye safu za namba ya nyumba, usomaji wa awali na usomaji wa sasa. Kwenye safu ya kwanza aliandika namba ya tundu, kwenye ya pili kama ni ekzosi ya kushoto au ya kulia, na kwenye ya tatu ni sekunde ngapi zilipita tangu asimame mpaka geti lifunguke.

"Utaitoboa mpaka iwe chujio," mkewe alimwambia.

"Nitaacha ukinifungulia kabla sijafika."

Ilichukua miaka sita na matundu kumi na manne. Mwishowe geti lilikuwa likifunguka akiwa bado anakata kona. Mtaa mzima ulilalamika chini chini, kisha ukazoea. Halafu asubuhi moja mkewe alikuwa akikunja shuka, akakaa kitandani kama mtu aliyekumbuka kitu, akaegemea mto, na moyo wake ukasimama.

*

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, uso kwa uso na kichochoro, na tangu wahamie pale alimwita mke wa msoma mita dada, na msoma mita mwenyewe shemeji. Ijumaa moja msoma mita aliposimama getini, alimkuta mshonaji amesimama pale kabla yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shemeji, zima kwanza."

Akazima. Kichochoro kikawa kimya kiasi cha kusikika maji ya mfereji.

"Kuna nini?"

"Mama ameanguka."

Mama yake alikuwa amepita miaka themanini. Mshonaji alikuwa amemleta kwake mwezi mmoja uliopita na kumpa chumba cha mbele, chenye dirisha la kichochoroni, ili apate hewa. Alianguka Jumatano kati ya kitanda na ukuta, na mkono ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidole.

"Pole sana, shemeji. Pole. Ni hii pikipiki?"

"Ni pikipiki."

"Basi nitakuwa napita haraka."

"Kupita hakuna shida. Hata malori yanapita huko chini. Shida ni kusimama."

Msoma mita alitazama tangi la mafuta kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Kwani nasimama sana?"

"Dakika nzima. Nikiwa na suruali mezani nakuwa nimemaliza mguu mmoja, naanza wa pili." Mshonaji alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Ukisimama, mama anainuka. Namwambia, mama, lala, ni shemeji. Hasikii la mtu. Anasema kuna mgeni amesimama nje muda wote huo, na humu ndani hakuna hata mmoja mwenye adabu ya kwenda kumfungulia."

Msoma mita alivuta kamba, komeo likafyatuka.

"Nitaangalia," alisema.

Wiki iliyofuata, kila siku ya kazi, alizima injini kwa kinyozi na kusukuma pikipiki kupanda kichochoro. Goti lake la kulia, ambalo lilikuwa na ugomvi naye tangu aanguke kwenye shimo la mita, lilimkumbusha kila hatua.

"Mita," kinyozi aliita kutoka mlangoni, mkasi juu ya kichwa cha mteja, "mafuta yameisha au umeamua kuipumzisha?"

"Tunapunguza uzito wote wawili."

"Basi kesho na yenyewe ikubebe begani, mpeane zamu."

Mteja alicheka mpaka kinyozi akamshika sikio atulie. Msoma mita aliendelea kusukuma. Alipofika getini alisimama, kwa mazoea. Bila injini, kusimama kulikuwa kitu kingine. Mtu aliyesimama kimya mbele ya geti lake mwenyewe hana tofauti na mkusanya madeni. Akavuta kamba haraka akaingia.

Binti yake, aliyekuwa muuguzi katika mji wa mbali, alipiga simu Jumamosi kama kawaida. Baba alimweleza habari za bibi aliyeanguka.

"Si uiuze tu, baba?"

"Niende kazini na nini? Na miguu hii?"

"Basi nunua ekzosi mpya."

"Za pikipiki hii hazitengenezwi tena."

"Basi zirudishe zilivyokuwa. Si wewe uliyezitoboa? Yazibe."

"Mama yako alikuwa anaisikia."

"Najua, baba. Sasa hivi nani anaisikia?"

Alimwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Usiku huo alikula amesimama, kama alivyozoea, kwenye jiko lenye stuli mbili. Kuziba matundu ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alikuwa na vifaa, na mikono ilikuwa bado haijamtupa. Lakini vitu vingine vyote alivyowahi kumfanyia mkewe vilishindwa: kifaa cha masikio kilichopiga mluzi mpaka akakitupa kabatini, kengele yenye taa iliyoungua wiki ya kwanza, dawa za matone. Matundu peke yake ndiyo yaliyofanya kazi. Alikuwa na ushahidi wa miaka sita, kwa sekunde. Akiyaziba, atakuwa anakubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba ndani ya nyumba ile hakuna wa kusikia. Na asipoyaziba, mama wa mtu ataendelea kuinuka kitandani kwenda kumfungulia.

*

Jumapili asubuhi alitandika gunia uani, akaiegemeza pikipiki kwenye stendi ya kati, akaanza na ekzosi ya kushoto.

Bolti ya nyuma ilikuwa imeshikwa na kutu. Aliipaka mafuta ya taa, akaingia ndani kunywa chai, akarudi, akaifungua kwa spana robo mzunguko kwa wakati mmoja, mbele na nyuma, ili isikatike kichwa. Bomba la ndani halikutaka kutoka. Alilibana kwa koleo, akaligeuza huku akilivuta, likatoka kwa ghafla na masizi yakammwagikia mapajani. Lilikuwa jeusi tupu. Alilisugua kwa brashi ya waya na kulipangusa kwa kitambaa chenye petroli, lakini masizi ya miaka minane yalikuwa yamejaza kila kona, na macho yake hayakuwa yale ya zamani. Kulingana na daftari, kushoto kulikuwa na matundu manane. Aliyaona sita.

"Shemeji, hodi." Mshonaji alikuwa amesukuma geti ambalo halikufungwa. "Nimesikia unagonga. Mama amelala, nikasema nije nione kama kweli."

"Karibu. Kaa hapo kwenye ndoo, stuli zipo ndani."

"Unatafuta nini kwenye hilo bomba? Umelikodolea macho kama unachambua mchele."

"Matundu yangu. Yako manane, naona sita."

Mshonaji aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, kipande bapa cheupe kilicholika pembeni. "Paka hii, kisha futa juu. Itabaki kwenye mashimo."

Alipaka. Alifuta. Vitundu vya kiwandani vikatokea kama nukta, katika mistari iliyonyooka, na kati yake matundu yake mwenyewe, makubwa, yasiyo na mstari, yote manane.

"Ungekuwa fundi," alisema.

"Mimi ni fundi. Wewe ndiye unayepeleka suruali zako kwa mwingine."

Msoma mita akacheka, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Akaanza kazi. Ribiti moja kwa kila tundu: aliisukuma mpaka kichwa chake kikalala juu ya chuma, akaibana kwa koleo lake, msumari wa katikati ukakatika kwa mlio mdogo mkavu, tundu likawa limekufa. Kila alipomaliza moja alifungua daftari na kuchora mstari juu ya namba yake.

"Unaandika nini?"

"Nafuta."

Mshonaji alinyoosha mkono, naye akampa daftari bila kufikiri. Lilikuwa daftari la kazini tu. Mshonaji alisoma akifuata mistari kwa kidole, kama anavyofuata mshono. Tundu la kwanza, kushoto, dakika tano. La pili, kushoto, dakika nne. La sita, kulia, sekunde arobaini. La kumi, kulia, sekunde kumi na tano. La kumi na tatu, kushoto, geti limefunguliwa kabla sijasimama. La kumi na nne, kushoto, nimemkuta nje.

"Hii ndiyo sababu," mshonaji alisema. Haikuwa swali.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani umri. Wanaume wengine wananunua mashati ya maua." Hakucheka safari hii. Alilifunga daftari, akalifungua tena mahali palepale. "Kutoka hili la tano kwenda la sita. Umeona? Dakika tatu, halafu ghafla sekunde arobaini."

"Nakumbuka. Nilibadili keekee, nikaweka kubwa zaidi."

"Shemeji, si keekee." Aliliweka daftari juu ya gunia. "Ni mimi."

Msoma mita alibaki na ribiti kati ya vidole viwili.

"Mwaka ule dada alikuja kwangu akaniambia yameisha. Hata nzito hasikii tena. Alisema, wewe umekaa dirishani siku nzima, mzee akikata kona utamsikia, niambie. Tukafunga ile."

Alionyesha kwa kidevu. Juu ya ukuta, kutoka dirisha la nyuma la mshonaji hadi ukingo wa dirisha la jiko, ilipita kamba nyembamba ya kushonea magodoro. Kwenye ncha yake ya jikoni kilining'inia kitambaa chekundu kilichopauka. Msoma mita alikuwa ameiona kamba hiyo kila siku kwa miaka. Alijua ni ya kuanikia nguo, iliyokatika upande mmoja.

"Ncha yangu inaingia ndani mpaka kwenye cherehani. Nikikusikia, navuta. Kitambaa kinaruka mbele ya macho yake. Anaweka mwiko chini, anakuja kukufungulia. Na wewe ulivyozidi kutoboa, nami nikazidi kukusikia kutoka mbali. Mwisho nilikuwa nakusikia ungali chini kabisa barabara kuu, kabla ya kinyozi."

Kuku mmoja alikuja kuonja masizi, akaondoka.

"Kwa hiyo matundu tisa," msoma mita alisema polepole, "nimetoboa kwa ajili ya masikio yako."

"Na hukuwahi kuniuliza kama nayataka."

"Mbona hamkuniambia?"

Mshonaji alizungusha futi yake kwenye kidole. "Alinikataza. Nilimwambia, dada, mtu wa watu anaharibu pikipiki, mwambie. Akasema ukijua hasikii kabisa, utaacha kumsemesha. Utabaki kumwonyesha vitu kwa kidole kama watu wa dukani. Na yeye alipenda zile habari zako za kazini, za wanaoficha mipira. Alikuwa anakusoma mdomo. Alisema hakuna mtu anayesomeka vizuri kama wewe, maana huna haraka."

Msoma mita aliinamisha kichwa kwenye bomba. Alikuwa na tabia ya kunawa mikono kwenye sinki la jiko huku akisimulia, mgongo wake ukiwa umeuelekea mlango. Mkewe alikuwa na tabia ya kuja kusimama kando ya sinki, karibu kabisa, mpaka mabega yagusane, na kumtazama usoni. Alikuwa akidhani ni mapenzi tu. Huenda yalikuwa hayo pia. Alifikiria habari ngapi alizimaliza kabla mkewe hajafika sinkini.

Miaka sita alikuwa amesoma namba bila kukosea hata sekunde moja. Nyumba ndiyo haikuwa yenyewe.

"Siku ya kwanza uliporudi kazini baada ya msiba," mshonaji alisema, "nilikuwa nashona, ukakata kona, mkono ukaenda kwenye kamba wenyewe. Nikavuta. Nikageuka, kupitia dirisha la nyuma nikakiona kile kitambaa kinaruka kwenye dirisha ambalo halina mtu. Sijavuta tena. Lakini ukisimama pale, kila siku, mkono unanicheza."

Ndani ya nyumba ya pili sauti nyembamba iliita. Mshonaji aliinuka, akajipangusa masizi.

"Mama ameamka. Kaa na chaki, utanirudishia."

"Shemeji."

Akageuka.

"Asante kwa kuvuta."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa akatoka, na geti akalirudishia taratibu.

Ekzosi ya kulia aliifanya peke yake. Kwa kuwa hakukuwa na wa kushika ncha ya pili, alilibana bomba katikati ya magoti, na goti bovu lilimwambia lilichonacho. Paka chaki, futa, sukuma, bana. La tisa. La kumi. La kumi na mbili. Alipofika kwenye tundu la mwisho alisita na ribiti mkononi, akijiuliza kama tundu moja lingemdhuru mtu. Kisha akamfikiria bibi kizee akitafuta kandambili kwa miguu, ili akamfungulie mgeni aliyesahauliwa nje. Akabana. Msumari ukakatika. Akachora mstari wa kumi na nne.

Alizungushia kila bomba sufu ya chuma, akayarudisha, akakaza bolti. Injini ilipowashwa ilikohoa ikazima. Alikuwa ameizoesha mafuta mengi kwa ajili ya ekzosi iliyo wazi. Alirudisha skrubu ya kabureta nusu mzunguko, kisha robo, akawasha tena. Pikipiki ikanguruma kwa sauti ya mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Alikuwa amesahau kwamba ndiyo sauti iliyokuja nayo.

*

Jumatatu alipita mitaa ileile, na hakuna aliyepiga kelele. Katika nyumba ya kwanza alimkuta mwalimu mstaafu amesimama na mpira mkononi, maji yanaruka, mita ikiwa imelala fofofo.

"Mita," mwalimu alisema, uso umemsawajika. "Umekuja na miguu?"

"Nimekuja na pikipiki."

"Mbona hujapiga kelele?"

"Mwalimu, hata wewe ulikuwa unaingia darasani bila kupiga kelele."

Kufikia adhuhuri alikuwa amewakuta wengine wawili, mmoja wao akijaribu kuuficha mpira unaotoa maji ndani ya suruali yake. Mkubwa wake alizitazama fomu tatu, akamtazama yeye, akauliza kama anaumwa.

Jioni alikata kona. Kinyozi hakuinua kichwa. Alipanda kichochoro, vioo vya madirisha vikatulia kwenye fremu zake, na kupitia dirishani alimwona mshonaji ameinamia cherehani, mguu kwenye kanyagio, mdomoni pini mbili. Hakumsikia. Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye kitambaa.

Msoma mita alisimama mbele ya geti. Akazima injini papo hapo, akavuta kamba, akaingia.

Jikoni aliweka kofia ngumu juu ya stuli moja. Kitambaa chekundu kilikuwa kimetulia dirishani. Alifungua maji, akaanza kunawa, masizi ya jana yakimtoka kwenye kucha.

"Leo nimemkuta mwalimu," alisema. "Yule wa maua. Mpira mkononi, maji juu kama..."

Akanyamaza. Akafunga maji. Akajipangusa mikono, akageuka mpaka akawa ameielekea stuli ya pili, uso wake kwenye mwanga wa dirisha, akaanza habari upya tangu mwanzo, bila haraka.